Sabufa Isiyo na Tundu

Nianze kwa kusema kwamba mimi si fundi, asije mtu akaniletea redio yake mbovu baada ya kusoma haya. Mimi nilipiga besi. Miaka kumi na mbili nilipiga gitaa la besi kwenye bendi moja ya dansi hapa Bongo, halafu nikaacha, nikaenda kupima vitambaa kwenye duka la watu huko Mchafukoge, na nimepima vitambaa mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Naishi peke yangu kwenye chumba kimoja, ghorofa ya pili, nyuma ya maduka, hatua chache kutoka Kariakoo. Mke wangu alirudi kwao Masasi zamani. Hatukugombana, tulichokana tu. Watoto wananipigia simu sikukuu, tunaulizana hali ya hewa.

Chumba changu kina kitanda, meza, kabati na kiti kimoja. Cha pili cha nini, na nani anakuja?

Mwaka juzi alifariki mtu mmoja aliyekuwa anapiga dramu kwenye bendi yetu. Nikisema mtu mmoja najidanganya. Alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Tulipanga chumba kimoja Ilala miaka saba, tukalala kitanda kimoja, tukawa na suruali moja nzuri ya kuvaliwa kwa zamu, na kwa kuwa yeye alikuwa mfupi, zamu yangu ikifika soksi zote zilikuwa nje. Kazini ndiyo usiseme. Watu wa nje hawalijui hili, lakini kwenye bendi mpiga besi na mpiga dramu ndio waliooana. Mwimbaji anasifiwa, mpiga solo anatunzwa noti kwenye paji la uso, sisi wawili tuko nyuma gizani tunabeba nyumba. Ile ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa mguu na ule uzi mnene wa besi vinatakiwa viguse pamoja, kitu kimoja. Vikiachana hata kidogo, watu wanaanza kwenda kukaa bila kujua kwa nini wamechoka.

Sasa, mwaka wangu wa mwisho kwenye bendi nyimbo zetu zilikuwa zinazubaa. Kiongozi wa bendi alikuwa anamlaumu rafiki yangu. Kila mazoezi ni yeye: mguu mzito, umekula nini, umelala saa ngapi. Rafiki yangu alikuwa anatabasamu anafuta jasho. Sisi wengine tulicheka, na mimi nilicheka zaidi yao, maana nilikuwa na ruhusa ya kumtania. Nilimwita mguu wa tembo. Miezi mizima akala maneno hayo. Halafu siku moja kiongozi alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo atatafutwa mpiga dramu mwingine. Rafiki yangu akalaza vijiti vyake juu ya ngoma, akasema, "Besi inachelewa."

Basi, ni hayo tu. Hakupaza sauti wala hakunitazama.

Mimi nina hasira za karibu, nikiri hapa hapa. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Mbele ya watu wote! Mtu ninayelala naye kitanda kimoja! Nililaza gitaa chini, nikachukua koti langu, nikatoka, na sikurudi tena kwenye bendi ile wala nyingine yoyote. Wiki ileile nilihama Ilala nikaenda kujibanza kwenye chumba cha Buguruni. Alinitafuta mpaka akanipata. Alikuja mara mbili. Alibisha hodi, na mimi nimekaa ndani nimeshika pumzi, najifanya sipo. Mara ya pili akasema kupitia mlangoni, "Najua umo." Alikaa pale nje muda mrefu, nikisikia viatu vyake vikisogea, mwisho akaenda zake.

Alipofariki, habari niliipatia dukani. Waliotaka twende pamoja niliwaambia nina homa. Msiba ulikuwa Ilala, mwendo wa miguu kutoka kwangu, na sikwenda. Siku ya mazishi nilipima vitambaa kama kawaida. Hapa kwetu unamzika hata jirani mliyekuwa hamsalimiani, unaenda, unakaa kwenye mkeka, unanywa chai ya msiba, mnamaliza. Mimi sikwenda kumzika yeye. Nilijiambia: alinivunjia heshima, aliniharibia maisha, na zaidi ya yote alisema uongo. Nilikuwa kwenye pigo. Nilijua niko kwenye pigo.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na wimbo wetu kwenye simu. Tuliurekodi studio ya redio wiki chache kabla ya ule ugomvi, na sikuwa nimeusikia tangu kanda yangu ilipoliwa na deki. Sasa kuna mtu kautia mtandaoni, kautoa kwenye kanda kubwa ya asili, safi kabisa. Nikabonyeza. Mwimbaji yupo, magitaa yapo, tarumbeta zipo, kayamba ipo. Mimi sipo. Ile spika ya simu ni kama ukucha, itatoa wapi besi? Nikanunua za kuchomeka masikioni, hapo pakawa na ngurumo tu. Sikio langu la kushoto lilikufa zamani kwa kusimama karibu na matoazi ya dramu, na lililobaki halikuweza kutenganisha uzi wangu na mguu wake.

Lakini wazo lilikuwa limeshanikaa. Kumbe ushahidi upo! Mle ndani ya wimbo, chini kabisa, kuna besi yangu na ngoma yake, na kama nikiweza kuzisikia vizuri nitajua nani alikuwa mkweli. Kama nilikuwa kwenye pigo, basi hasira yangu ilikuwa ya haki na nitalala usingizi. Kama nilikuwa nachelewa... hapo wazo nilikuwa nalikatisha, naenda kuchemsha maji.

Ndiyo nikaamua kutengeneza sabufa, ile spika kubwa ya sauti za chini tu. Nilijifunza kwenye video za simu, nikizirudia mpaka nazikariri. Nikajua kwamba sabufa ziko namna mbili. Zile za kawaida, za baa na vinyozi, boksi lake lina tundu. Tundu linaisaidia spika kuimba kwa nguvu, lakini lina tabia mbaya: ukishaacha kupiga, lenyewe linaendelea kuvuma. Namna ya pili ni boksi lililozibwa kila upande, halitoi hata pumzi. Hewa iliyofungiwa ndani inaishika ile koni ya spika, uso wake unaotikisika, inairudisha mahali pake, kwa hiyo sauti ikiambiwa ianze inaanza, ikiambiwa inyamaze inanyamaza. Haina makeke, na kwa chumba kidogo inatosha sana. Nilipoelewa hilo nilipiga paja. Kazi ya mpiga besi nusu ni kupiga na nusu ni kuzima uzi kwa kiganja. Nilitaka chombo kisichoniongezea wala kunipunguzia.

Kariakoo nilipata spika ya inchi kumi, ya gari. Muuzaji alinitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mzee. Unafungua ukumbi?"

"Marahaba. Nafungua chumba changu."

"Chukua na boksi basi, hili hapa limeshatobolewa."

"Sitaki tundu."

"Mzee, bila tundu litapumulia wapi?" Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, maana ilikuwa siku nyingi sijacheka na watu. Amplifaya ya mtumba nilipata mtaa wa pili, na spika mbili ndogo za mezani, za sauti za juu, nilikuwa nazo.

Kazi ya boksi nilimpelekea fundi seremala wa Buguruni, mtu wa makamo, mkimya, anayejulikana kwa maboksi ya spika. Nilimchorea vipimo kwenye karatasi: mbao nzito za unga wa mbao ulioshindiliwa, boksi la kufika magotini, kigingi ndani cha kushikilia kuta mbili zisitikisike, gundi kila kona. Alisoma ile karatasi polepole, akasema sawa mzee wangu, rudi baada ya siku mbili gundi ikauke.

Niliporudi, boksi lilikuwa limesimama juu ya meza yake, linang'aa. Kona zimekaa, skrubu zimezama zimefunikwa. Na upande wa mbele, chini ya nafasi ya spika, kuna tundu. Duara safi, limepigwa msasa, limevishwa bomba jeusi.

"Hii nini?"

"Naona mzee ulisahau tundu kwenye mchoro," akasema, anafuta vumbi kwa kiganja. "Nikakuwekea. Hilo ni zawadi."

Jamani! Nilimfokea yule mtu mpaka mama lishe wa upande wa pili akaacha kukoroga sufuria. Nilimwita kila jina. Nani kakutuma? Nimekuchorea, nimekuandikia, halafu unajifanya unajua kuliko mimi? Yeye amesimama tu na kitambaa chake mkononi, haelewi amekosa nini. Nusu ya vinyozi wa Buguruni wanapiga muziki kwenye maboksi yake, na yote yana tundu. Alinifanyia hisani. Alisema, "Nilizibe?" Mimi huyo, nikasema usiguse tena kitu changu, nikalibeba boksi langu kwenye mkokoteni wa kukodi, njia nzima nanung'unika.

Jumapili nikaliunga hivyo hivyo. Kiburi tu. Mjini kati Jumapili kuna ukimya wake: maduka yamefungwa, milango ya chuma imeshuka, hata wapiga debe hawapo. Wiki nzima unasukumana na watu, Jumapili unasikia kunguru tu. Ndiyo siku ninayoichukia kuliko zote. Niliweka wimbo.

Besi ikajaa chumba. Nilisikia miguuni, nikasikia kifuani, na kwa dakika moja nilikuwa kijana. Halafu nikakaa kwenye kiti changu nikaanza kusikiliza kama hakimu. Nikasikia ninachelewa. Kila nilipogusa uzi, sauti yangu ilikuwa inakuja nyuma, nzito, inajivuta, inaingia kwenye noti inayofuata. Moyo ulinilipuka. Nilizima, nikawasha, nikazima.

Hodi mlangoni. Ni mama mwenye nyumba, Mhindi, mjane, anakaa chini yangu peke yake tangu watoto wake wote waende ng'ambo. Asubuhi huwa nasikia kengele yake ndogo ya kusalia, basi najua kumekucha na yeye mzima.

"Shikamoo mama. Nisamehe kwa kelele."

"Marahaba. Muziki mzuri, mzee, mimi nilikuwa nacheza huu zamani na mume wangu. Lakini vyombo vyangu vinatembea kabatini. Na wewe ukizima, kabati bado linaendelea. Vuuu, vuuu. Lina nini?"

Ukizima, kabati linaendelea. Yaani wimbo umeshazimwa, na bado kitu kinavuma! Si mimi niliyekuwa najivuta, ni lile tundu. Tundu la yule fundi lilikuwa linanisingizia. Nilitaka kumkumbatia yule mama. Alisimama kidogo mlangoni, anaangalia ndani, kama mtu anayengoja kuambiwa karibu. Kiti ni kimoja, nikaona haya, nikamwambia asante mama, nitarekebisha. Akashuka ngazi taratibu.

Kesho yake, baada ya kazi, nilirudi Buguruni. Niseme ukweli, njiani niligeuka mara mbili. Sijui kuomba radhi, mdomo wangu haukuzoea. Nikafika, nikamkuta anapiga randa, nikasema haraka haraka, "Fundi, juzi nilikosa. Naomba unisamehe, na naomba uzibe tundu."

Akasema, "Yameisha, mzee wangu." Dakika moja haikufika. Nilishangaa jinsi ilivyo kazi ndogo.

Alikata kipande cha duara, akakipaka gundi, akakipigilia skrubu sita, akazungushia silikoni kwa kidole chenye mate. Ndani tulijaza pamba ya mito. Spika ilipofungwa alinionyesha namna ya kupima: unaisukuma koni kwa vidole, taratibu, unaachia. Kama hewa inavuja inarudi mara moja. Hii ilirudi polepole. "Sasa hata mchwa hapiti," akasema. Bado alikuwa analitazama boksi kwa huruma.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, nilifunga dirisha, nikaweka boksi ukutani, nikakaa. Mwanzo nilidhani limeharibika. Lile jabali la sauti halipo. Mahali pake kuna kitu kikavu, kidogo, kilichonyooka. Nikaongeza kidogo. Hapo nikakisikia kidole changu. Namaanisha kidole chenyewe, nyama ikigusa uzi, na kiganja kikiuzima. Na pembeni yake mguu wake, ile ngozi ya ngoma, imelegezwa kidogo kama alivyoipenda. Unavitenganisha kabisa kwa sikio, huyu ni huyu na yule ni yule.

Na vinagusa pamoja. Kila pigo, pamoja. Dum. Dum. Hakuna hata unywele kati yao.

Nilinyanyuka kwenye kiti. "Niliwaambia!" Nilipiga kelele mle chumbani, sijui namwambia nani. "Si niliwaambia? Mwongo mkubwa!" Nilicheza. Mzee mzima nilicheza peke yangu kwenye sakafu ya saruji, mikono juu, machozi yananitoka kwa furaha. Miaka yote ile, na nilikuwa mkweli.

Nikaurudisha mwanzo ili nifaidi. Safari hii sikusikiliza besi tu, nilifungua sikio langu lililobaki kwa wimbo mzima. Nikaanza kuisikia kayamba. Kayamba haijui urafiki, inahesabu tu. Na kayamba ilikuwa mbele yetu. Gitaa la kati nalo lilikwenda sawa na kayamba, na tarumbeta pia. Bendi nzima inatembea, na sisi wawili, besi na ngoma, tumeshikana, tuko nyuma yao. Kidogo sana. Kiasi cha mtu kuona wimbo unazubaa asijue kwa nini.

Nikasema, haya, basi ni yeye. Mguu wa tembo. Yeye ndiye anachelewa na mimi namfuata.

Kuna mahali katikati ya wimbo besi inanyamaza. Tulipanga hivyo: mizunguko minne mimi sipigi, inabaki ngoma, kayamba na sauti ya mwimbaji. Nilikuwa nimepasahau. Wimbo ulipofika pale nikainama karibu na boksi mpaka paji la uso likagusa mbao.

Mguu wake ulikuwa pamoja na kayamba. Sawasawa. Mizunguko minne yote, kila pigo liko mahali pake, halina haraka wala uvivu, ungeweza kurekebisha saa kwalo. Halafu besi yangu ikaingia, nyuma, kama kawaida yake. Pigo la kwanza tuliachana, nikalisikia pengo. Pigo la pili akaulegeza mguu. La tatu tukawa pamoja.

Nilizima.

Alikuwa ananisubiri. Sijui tangu lini. Labda mwaka mzima, labda tangu mwanzo. Alikuwa anausikia uchelewaji wangu, na badala ya kuniacha nionekane, alirudi nyuma akaja kusimama na mimi, watu wadhani ni ngoma inayochelewa. Akaitwa mguu mzito. Akatukanwa chakula chake na usingizi wake. Na mimi, niliyekuwa nambebesha mzigo wangu, nilikuwa nacheka kuliko wote. Mpaka walipotaka kumfukuza ndipo aliposema neno moja la kweli, na kwa neno hilo nikamfungia mlango, nikamwacha nje anasogeza viatu, nikamwacha mpaka akafa.

Niliumia, sina namna nyingine ya kulisema. Nililala chini kwenye ile saruji kwa ubavu na nikalia kwa sauti. Nilitaka kwenda kumwambia mtu kwamba nimekosa, na nikawapitia watu wote ninaowajua, mmoja mmoja. Mtu pekee ambaye angeelewa nilichokisikia ndiye yule ambaye sikwenda kumzika.

Jua lilipokuwa limeshahama dirishani niliinuka, nikawasha tena, nikautafuta wimbo mahali pale pale. Nimeshafanya hivyo Jumapili nyingi sasa. Ngoma iko peke yake, iko sawasawa. Kisha mimi naingia, nimechelewa, na yeye anapunguza mguu, anarudi nyuma kunifuata.